Wiki Bila A

Jumatatu, 4 Novemba

Mke wangu anastaafu Jumamosi. Miaka thelathini na mitatu ya ukunga, wodi ile ile ya wazazi, viatu vyeupe vile vile (aina, si jozi). Kutakuwa na hafla kwenye ukumbi wa hospitali. Keki, kipaza sauti, mganga mkuu mwenyewe. Na atakayezungumza kwa niaba ya familia ni nani? Mimi, mumewe? Wapi! Ni shemeji yangu, mdogo wake wa kiume, anayetengeneza simu na kompyuta kibandani mwake, na anayeitwa Profesa kwa sababu ya miwani tu.

Nimeuliza kwa upole kwa nini. Mke wangu kasema harusi ya binti yetu nilizungumza dakika arobaini, na nusu yake ilikuwa kuhusu pampu ya maji.

Ilikuwa pampu muhimu.

Mpango: kuandika hotuba yangu kwa siri. Jumamosi Profesa akishakaa, nainuka ghafla, natoa karatasi mfukoni, ukumbi mzima unatoa leso. Profesa anavua miwani kwa aibu.

Mke wangu yuko zamu hadi saa nane mchana. Kompyuta yake, ile ya kukunja, iko mezani. Humo anaandika kitabu kidogo cha kuwaachia wakunga sita wapya wanaochukua nafasi yake: yale yote anayoyajua ambayo hawakufundishwa chuoni. Nusu ameshachapa. Nusu bado iko kwenye daftari, kwa mwandiko wa mkono. Mpiga chapa anaitaka kazi yote Ijumaa saa nne asubuhi, la sivyo Jumamosi hakuna kitabu.

Nimeanza. "Waheshimiwa..." Kitufe cha A kinagoma. Ukikibonyeza kinazama, kisha kinarudi kwa kujivuta, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Chembe ya biskuti, bila shaka. (Biskuti zangu. Lakini nani atathibitisha?) Mtu aliyetunza stoo ya ofisi ya maji kwa miaka ishirini na saba haiti fundi kwa chembe ya biskuti. Nikachukua kikata kucha. Nikainua pembeni, kidogo tu.

Tik!

Kitufe kikaruka. Nusu saa nimetambaa sakafuni. Nimekikuta chini ya kochi, pamoja na kalamu mbili na kifungo cha shati ambalo sina tena.

Nimekirudisha kwa gundi. Tone moja. Pengine matatu.

Saa nane mchana. Gundi imeshika. Imeshika mno. A imeganda ikiwa imebonyezwa chini. Hotuba yangu sasa ina kurasa kumi na saba za aaaaaaaa. Nimezima kila kitu.

Mke wangu karudi, kauliza mbona nanuka gundi. Nimesema nilikuwa nabandika soli ya kiatu. Akatazama miguu yangu. Nilikuwa na ndala. Akasema haya.

Nikamwambia kompyuta imepata joto, tuiache ipumzike. Akasema basi ipumzike, akavuta daftari, akaendelea kwa mkono. Hakulalamika. Ndilo lililoniuma. Nimemchemshia maji ya kutia miguu, nikaweka na chumvi.

Jumanne, 5 Novemba

Gundi imetoka! Nimeichokoa na kijiko cha moto. Kwa bahati mbaya kile kimpira kidogo kinachokaa chini ya kitufe kimetoka nayo.

Mpango wa pili: Q. Lugha yetu ina kazi gani na Q? Au X? Zimekaa kwenye kibodi kama wale ndugu wa kikaoni ambao hujaza viti na kumaliza chai. Nimeing'oa Q na kimpira chake, nikaihamishia mahali pa A, nikaichora A juu kwa kalamu ya wino mzito. Ukifumba jicho moja, hujui.

Nikabonyeza. Kimya. Gundi imeshateremka hadi kwenye utando wa ndani. Asubuhi nilikuwa mtu asiye na A. Sasa ni mtu asiye na A wala Q.

Nimejaribu kuendelea hivyo hivyo. Sikuwahi kujua lugha hii inavyoning'inia kwenye A. "Mama" inakuwa "mm." "Baba" inakuwa "bb." "Haraka" inakuwa "hrk," kama mzee anayesafisha koo. "Mapenzi" inakuwa "mpenzi," na hilo sikulipinga.

Nikapata wazo: hotuba yenye maneno yasiyo na A peke yake! "Ndugu zetu wote. Mimi ni mume. Huyu ni mke. Tumeishi vizuri." Safi kabisa. Fupi, nzito. Kumbe inawezekana! Nikaendelea kwa kasi hadi nikafika kwenye moyo wa hotuba, pale nilipotaka kusema nampenda. Haiandikiki. A mbili. Nilimpenda, haiandikiki. Nitampenda, ndiyo kabisa. "Upendo" lipo, lakini upendo usio na mtu anayependa ni kitu cha kwenye kadi. Nikageuza huku na huku. Neno moja tu lilikubali kutoka zima: "Simpendi."

Limekaa pale kwenye kioo. Herufi nane, hakuna iliyokosekana.

Nimelifuta mbio mbio, nikafunga kompyuta kama mtu aliyefungua mlango wa choo akamkuta mtu.

Saa saba mchana. Ufumbuzi! Kwenye kurasa zake za zamani A zimejaa tele. Naweza kunakili moja na kuibandika kila ninapoihitaji. Vidole viwili kwa kila A, lakini inakuja. Tatizo ni mwenye kompyuta. Akigusa tu, atajua.

Kwa hiyo alipokula na kupumzika nilimwendea kwa sura ya huruma. Nikasema macho yake yamechoka, mgongo wake umechoka, yeye asome daftari lake kwa sauti, mimi nichape. Alinitazama kwa muda mrefu sana. Akasema tangu anijue hajawahi kuniona nikijitolea kwa jambo lisilo na kipaza sauti. Kisha akakubali. Tunaanza kesho.

Nimeshaipanga meza. Mgongo wa kompyuta utaelekea kwake.

Jumatano, 6 Novemba

Tumekaa mezani tangu saa tisa hadi jua limezama. Yeye anasoma, mimi nachapa. Mwendo wangu ni sentensi moja kwa kikombe cha chai. Kauliza mbona polepole. Nimesema natunza ubora.

Kitabu cha mkunga kina neno "mama" kwenye kila mstari. Mara mbili. "Mama akiwa na wasiwasi, mshike mama mkono." Nimetokwa jasho.

Lakini ninachotaka kuandika hapa si hicho.

Kuna sura ya mapacha. Mvua kubwa, umeme umekatika, wodi imejaa, na mama mmoja kajifungulia juu ya benchi kwenye korido. Mtoto wa kwanza kalia. Wa pili katoka kimya, mlegevu, rangi si rangi. Mke wangu kavua sweta lake mwenyewe, kamsugua nalo, kampulizia pumzi, kamsugua, kampulizia. Dakika nne. Manesi wawili waliokuwa wameshika tochi walikuwa wanalia. Halafu mtoto akalia "kama mlango usiotiwa mafuta."

Nikauliza ilikuwa lini. Akanitajia mwaka. Tulikuwa tumeshaoana! Nikamwambia hukuniambia. Akasema, "Hukuniuliza." Bila ubaya wowote. Kama mtu anayesoma tarehe kwenye kalenda. Akafungua ukurasa mwingine.

Nalikumbuka lile sweta. La kijani. Niliwahi kumuuliza lilipotelea wapi, tena kwa ukali kidogo, maana nilimnunulia mimi.

Halafu ikaja sura inayoitwa "Baada ya Zamu." Nainakili hapa, nimeshaijua kwa moyo:

"Siku utakayompoteza mama au mtoto, na siku hiyo itakuja, usikimbilie nyumbani kueleza. Oga kwanza. Kisha kaa karibu na mtu asiyeuliza. Mimi nilikuwa naye. Alikuwa ananipokea viatu mlangoni, anavifuta, anaviweka pembeni, halafu ananiachia upande wangu wa kochi. Hakuwahi kuuliza. Sijui kama yeye mwenyewe alijua alichokuwa akinifanyia."

Nikaacha kuchapa. Akauliza kuna nini. Nikasema kope imeingia jichoni.

Ukweli ni kwamba sikujua. Nilikuwa nasikiliza mpira redioni. Viatu nilivifuta kwa sababu vilikuwa vinachafua sakafu niliyotoka kuipiga deki. Nilitaka kumwambia. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini alikuwa ananitazama kwa namna ambayo hajanitazama siku nyingi, na mimi si mtu wa kuharibu vitu.

Nikazibandika A za aya ile moja moja, taratibu, kama mtu anayepanga mayai.

Alhamisi, 7 Novemba

Hesabu: kurasa kumi na moja zimechapwa, thelathini na nne bado. Kesho saa nne asubuhi ndiyo mwisho. Kidole changu cha shahada kimevimba na kimekataa kukunjika. Hata nikiandika bila kupumua hatufiki.

Hakuna jinsi. Profesa.

Nimelifikiria jambo hili tangu alfajiri kama mtu anayefikiria kung'olewa jino. Mwaka jana alikuja kutengeneza televisheni ambayo nilikuwa nimeshaitengeneza, na hadi leo anawasimulia watu.

Mpango: kompyuta ni ya rafiki yangu. Nimeitia ndani ya foronya, nikaibeba kifuani. Kibandani nikamweleza Profesa kwamba kuna rafiki, mtu wa stoo, mwungwana kabisa, kapata shida ya kitufe kimoja. Profesa akaitoa kwenye foronya. Juu ya kifuniko kuna utepe mweupe, mwandiko wa dada yake: MALI YA MKUNGA MKUU. USIGUSE.

Siku zote naipita ile kompyuta. Nimezoea hata kutousoma ule utepe.

Profesa akanitazama juu ya miwani. Akasema rafiki yangu ana mwandiko mzuri. Akawasha taa yake ya mezani, akainama, akanusa. Akauliza hii ni gundi ya viatu? Nikasema rafiki yangu ana haraka. Akasema amshukuru Mungu hakufika kwenye betri. Kibodi ya ndani ibadilishwe yote, na hiyo inaagizwa, wiki mbili.

Wiki mbili! Nikakaa kwenye kigoda chake bila kukaribishwa. Nikamwambia yote. Hotuba sikumwambia. Nilimwambia kitabu, mpiga chapa, kesho saa nne.

Akanyoosha mkono chini ya meza, akatoa kibodi ya kawaida yenye waya, akaifuta vumbi, akaichomeka ubavuni mwa kompyuta. Akabonyeza. A. Akabonyeza tena. A. Kazi ya sekunde tatu!

Kwa miaka ishirini na saba nimetoa stoo kibodi mia mbili na sita, kila moja kwa saini. Nazijua kwa uzito. Nazijua kwa urefu wa waya. Haikunijia kichwani hata mara moja.

Nilisubiri acheke. Alikuwa na haki. Hakucheka. Alikuwa anasoma kwenye kioo, ile sura ya Baada ya Zamu, na midomo yake ilikuwa inacheza kama ya mwanafunzi. Alipomaliza akavua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu kuliko vumbi lilivyohitaji.

Akanisimulia. Mama yao alipofariki yeye alikuwa na miaka minne, dada yake kumi na mmoja. Dada alikuwa anakwenda naye shule, anamkalisha chini ya dawati lake, anamwambia ukinyamaza hadi kengele nitakubeba mgongoni hadi nyumbani. Alinyamaza kila siku. Alibebwa kila siku. Sasa kila akijaribu hotuba mbele ya kioo anafika kwenye "Dada yangu" na hapo sauti inakatika. Wiki ya tatu hii.

"Shemeji," akasema, "usiniache peke yangu pale mbele. Nikikwama, shika wewe."

Yaani anaomba! Nilichokitaka tangu Jumatatu, nimeletewa kwenye sahani. Nilitegemea kufurahi zaidi ya nilivyofurahi. Nikamwambia nitatazama ratiba yangu. (Sina ratiba.) Nikampiga bega. Akanipa kibodi bure, akanisindikiza hadi barabarani.

Ijumaa, 8 Novemba

Nilimwambia mke wangu kibodi ni zawadi yangu ya kustaafu kwake, ili vidole vyake vipate nafasi. Akashukuru. Akauliza mbona imeandikwa KIBANDA CHA PROFESA kwa nyuma. Nikasema ni jina la kampuni.

Jana jioni na leo tangu saa kumi na mbili asubuhi alichapa yeye, mimi nikasoma daftari. Ana kasi ya ajabu. Tulimaliza saa tatu na nusu, tukakimbia. Mimi na flashi mkononi, yeye na viatu vyake vyeupe. Tumefika kwa mpiga chapa saa nne kasoro dakika tano. Kapokea.

Tukakaa kwenye benchi nje ya duka lake tupate pumzi. Hapo ndipo aliponiambia kwamba amejua tangu Jumatatu.

Nimemuuliza amejuaje. Akasema gundi na ndala, kisha Jumanne akaiona A iliyochorwa kwa kalamu. Isitoshe, kurasa zote alizokwisha kuchapa anazo kwenye flashi, na wodini kuna kompyuta ya ripoti ambayo angeweza kuitumia wakati wowote. Angemaliza Jumanne, akarudi akalala.

Damu ilinipanda. Kidole changu kimevimba! Nikauliza kwa nini basi aliniacha nibandike A zote zile kama mwehu.

Akakichukua kile kidole, akakishika ndani ya mikono yake miwili, kama anavyoshika wagonjwa, nadhani. Sijawahi kumwona kazini.

"Ulikuwa umekaa mbele yangu," akasema. "Miaka yote hii ulikuwa unanisikia tu, mzee. Wiki hii ulikuwa unanisikiliza. Nilitaka daftari lisiishe."

Nikaacha kidole changu mikononi mwake, bila hotuba. Mimi! Tukakaa pale hadi mpiga chapa akatoka kuuliza kama tunasubiri kitu.

Hitimisho: mpango wangu umefaulu. Ulikuwa mpango wa ndani sana, kiasi kwamba hata mimi nilikuwa siuoni.

Jumamosi, 9 Novemba

Hafla. Ukumbi umejaa hadi madirishani. Nina hotuba mfukoni, kurasa nne, zenye A zote. Mganga mkuu kazungumza kuhusu takwimu. Kisha akaitwa Profesa.

Akasimama. Akashika kipaza sauti. "Dada yangu," akasema.

Basi. Hakuna kingine. Tukasikia feni inavyozunguka. Akageuza uso, akanitafuta.

Nikaenda. Nikamshika bega, nikatoa karatasi zangu, na hapo nikagundua kwamba miwani yangu ya kusomea nimeiacha kwenye shati la jana. Kurasa nne za ukungu! Watu mia mbili wananitazama. Jambo pekee lililokuwa kichwani mwangu lilikuwa mapacha, basi nikaanza mapacha. Nikasema mtoto wa kwanza ndiye aliyetoka kimya.

"Wa pili!" mke wangu akaniita kutoka kitini.

Nikasema wa pili, pale kwenye benchi la duka la dawa.

"Korido ya maabara!"

Watu wakaanza kucheka. Nikasema akavua koti lake. Akasimama kabisa. Akasema si koti, ni sweta, na nimpe hicho kipaza sauti kabla sijaua mtu. Akasimulia mwenyewe. Mimi nilimshikia kipaza sauti, Profesa kamshika mkono wa pili, machozi yanamtiririka bila aibu, na alipofika pale mtoto anapolia, manesi wazee wawili walio mstari wa mbele wakauiga mlio ule wenyewe, kwa pamoja. Walikuwepo. Ndio walioshika tochi.

Ukumbi ulisimama. Sikusoma hata neno moja langu. Nadhani ndiyo hotuba bora niliyowahi kutoa.

Wakunga sita wapya wakapewa vitabu. Mmoja, mrefu kuliko wote, akafungua pale pale akasoma akiwa amesimama. Baadaye akaja kumuuliza mke wangu yule mtu wa viatu ni nani. Mke wangu akanionyesha kwa kidevu. Yule binti alinitazama kama watu wanavyotazama mnara.

Hapo ndipo ningesema kuhusu mpira redioni. Nilinyoosha tai.

Hospitali imempa mke wangu saa ya ukutani. Kubwa, fremu ya mbao, kioo, na miaka yake ya kazi imechongwa chini. Kaikumbatia njia nzima.

Jumapili, 10 Novemba

Mke wangu kalala hadi saa tatu asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nilipita kwa kunyata. Sasa kaenda kumtazama mdogo wake, kasema atarudi kabla ya chakula cha mchana.

Saa mpya imetundikwa sebuleni. Nzuri mno. Kasoro moja: iko mbele dakika mbili. Mwanamke aliyekimbizana na saa miaka thelathini na mitatu hastahili kudanganywa dakika mbili nyumbani kwake. Nyuma kuna kitufe kidogo cha kurekebishia mishale, lakini huko ni kutibu homa bila kutafuta ugonjwa. Nimeifungua.

Vipande viko mezani juu ya taulo. Nimevipanga kwa ukubwa, kazi ya mtu wa stoo. Vilikuwa tisa. Nimerudisha vinane na kifuniko kimefunga vizuri kabisa, kwa hiyo yaelekea cha tisa hakikuwa na kazi maalumu. Nimeitundika. Inaonyesha saa tano na robo. Imekuwa ikionyesha saa tano na robo kwa muda sasa.

Hakuna haja ya wasiwasi. Nina mpango. Kuanzia leo mke wangu asisumbuke kutazama ukutani. Akitaka kujua saa ataniuliza mimi, nami nitakuwa karibu yake siku zote, tayari kumjibu. Atalipenda hilo.

Nasikia geti. Saa yangu ya mkono nimeiweka wapi?